Sindano Zangu Zilikuwa Mafuta

Tarehe 9 Novemba 2020 ilitangazwa kwamba utafiti wa kuzuia virusi vya UKIMWI niliokuwa nikishiriki umesimamishwa kabla ya wakati, na kwa sababu njema: sindano ilikuwa imekishinda kidonge. Mimi sikuisikia redioni. Sista wa kliniki alinipigia simu nikiwa nimeinama juu ya rundo la mitumba pale soko la Kibuye, Kisumu, natafuta sweta za watoto ambazo hazijatoboka. "Njoo, kuna habari nzuri," akasema. Nilishangilia peke yangu hadi jirani wa kibanda akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nilikuwa nimedungwa sindano 9, nami sikuwa na shaka hata chembe kwamba hizo ndizo zilizonilinda muda wote ule.

Wiki chache baadaye, karatasi yangu ilipofunguliwa, nikaambiwa kwamba zote 9 zilikuwa mafuta tu, bila dawa.

Wasichana wa mitaa yetu ya Manyatta na Nyalenda bado huja kuniuliza kama waingie katika utafiti huu au ule, kwa sababu wanajua niliingia na nikabaki. Huwa wanataka jibu la ndiyo au la. Mimi sina jibu hilo. Nina hadithi, na ina aibu yake.

Nianze na kuingia. Mwezi Juni 2019 mwanamke mmoja mhamasishaji alikuja saluni tuliyozoea kusukia nywele. Hakuwa na makuu. Alisema wanatafuta wanawake wa miaka 18 hadi 45, wasio na virusi vya UKIMWI, wasio wajawazito, walio tayari kufuatiliwa kwa muda mrefu. Utafiti ulikuwa unafanyika katika nchi 7 za Afrika, na hatimaye ulifikisha wanawake zaidi ya 3,200. Walitaka kujua ni kipi kinazuia maambukizi vizuri zaidi kati ya sindano ya kila wiki 8 na kidonge cha kila siku, kile ambacho tayari kilikuwa kikitolewa hospitalini kwa jina la prep.

Nilipoulizwa kwa nini nataka kushiriki, nilisema nataka kuisaidia jamii yangu. Kila mtu husema hivyo, na si uongo mtupu. Lakini kilichonitoa nyumbani asubuhi ile ni kwamba nilikuwa na mtoto wa miaka 3, na baba yake alikuwa dereva wa lori aliyelala Busia au Malaba siku 4 kwa wiki. Sikuwahi kuthubutu kumwambia twende tukapimwe. Ukimwambia mwanamume hivyo, umemshtaki. Ndipo nikasikia kuna mahali nitapimwa mara kwa mara bila kumweleza mtu yeyote sababu, na kama kuna ugonjwa mwingine wa zinaa nitatibiwa hapo hapo bila foleni ya dirisha la dawa. Sababu ya pili ilikuwa nauli. Walikuwa wanarudisha nauli na kitu kidogo cha muda uliopotea, na kutoka kwetu tuktuk haikuimaliza. Iliyobaki ilinunua unga na sukuma wiki ya siku mbili. Wakubwa huona haya kulisema jambo hili, utafikiri maskini akipokea nauli basi akili yake imenunuliwa. Hela ilinitoa nyumbani, naam. Kunibakiza hapo miezi 17 haingeweza, maana siku nikifunga kibanda nilipoteza zaidi ya nilichopewa.

Kwenye benchi la kusubiri nilisikia sababu za kila aina. Mmoja alikuwa anauza samaki ufuoni, akaeleza bila kuficha kwamba mvuvi hakupi samaki wazuri kwa pesa pekee, hutaka na mwili; sisi wa ziwani tunaiita jaboya, na yeye alijua hesabu yake ya hatari kuliko daktari yeyote. Mwingine alikuwa amewazika dada zake wawili. Mwingine aliletwa na rafiki, rafiki akatoka, yeye akabaki. Na kulikuwa na binti wa chuo aliyesema hapo ndipo mahali pekee anapoweza kukaa saa 5 bila mtu kumtuma maji.

Sababu yangu ya tatu ilikuwa dada yangu.

Dada alikuwa ameolewa Bondo. Mwaka 2010 alishiriki utafiti wa kidonge hicho hicho, ule ulioitwa FEM-PrEP, uliokuwa Bondo na katika miji ya Afrika Kusini. Huo ulikuwa na makundi mawili: nusu walipewa dawa halisi, nusu walipewa kidonge bandia. Aprili 2011 ukasimamishwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka uliofuata, kati ya wanawake 2,120 walioingia, 33 wa upande wa dawa walikuwa wameambukizwa na 35 wa upande wa bandia. Yaani karibu sawa. Watu wakasema kidonge hakifanyi kazi kwa wanawake. Lakini damu ilipopimwa ilionekana chini ya 4 kati ya 10 ndio waliokuwa na dalili ya dawa mwilini, ilhali kwa mdomo karibu wote walisema wanameza. Na mwaka huo huo wa 2011 utafiti mwingine, wa jozi zaidi ya 4,700 za wenzi wa Kenya na Uganda, ambao katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi na mwingine hana, ulikuwa umeonyesha kwamba kidonge hicho kinazuia sana. Kisumu kwetu walikuwemo. Wale walijua adui amelala kitanda gani. Dada na wenzake hawakujua.

Dada alinieleza haya akiosha vyombo, kana kwamba anasimulia habari za jirani. Alikuwa akimeza siku mbili tatu, kisha anaacha. Usiku wa kuamkia siku ya kliniki anahesabu vilivyobaki, anavimwaga chooni, asubuhi anarudisha chupa yenye hesabu safi. "Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Wangeniondoa." "Kwani ulitaka kubaki?" Akanitazama kama mtoto. "Wewe, mle ndani kulikuwa na mtu ananiuliza habari zangu kila mwezi. Nani mwingine alikuwa ananiuliza?"

Nikamcheka. Nikaapa moyoni kwamba mimi sitakuwa mjinga hivyo. Lisikilizeni hilo, maana ndilo lililonipata baadaye.

Fomu ya ridhaa ilichukua karibu saa 2, kwa Kiswahili na Kijaluo kwa anayetaka. Mwishoni ulipewa maswali kuona kama umeelewa. Nilianguka swali moja: je, tayari imethibitishwa kwamba sindano hii inazuia virusi? Nikajibu ndiyo. Mshauri akanirudisha nyuma taratibu, akaeleza tena kwamba kama ingekuwa imethibitishwa wasingekuwa wanatafuta. Kila mshiriki atapata sindano na vidonge pamoja, lakini kimoja tu ndicho chenye dawa. Kompyuta ndiyo imechagua. Mimi sijui, sista hajui, daktari hajui. Ndiyo maana lazima umeze na lazima udungwe. Mara ya pili nikajibu sawasawa na kupita. Leo najua kwamba siku ile nilijifunza jibu tu. Maana sikuipata.

Ukiitwa katika utafiti wowote, usiharakishe hapo. Mwambie mshauri umeelewa nini kwa maneno yako mwenyewe, si kwa maneno ya karatasi, umwache akusahihishe. Uliza kama kuna kundi la bandia tupu, kama la dada yangu, au kama kila kundi lina dawa ya kweli mahali fulani, kama letu. Uliza nani atakutibu ukidhurika, na kwa gharama ya nani. Uliza kama dawa ikifaulu utaendelea kuipata. Nakala ya fomu ni yako, iende nayo nyumbani. Ina namba ya kamati ya maadili, na hao unaweza kuwapigia bila kupitia kwa kliniki. Mimi nakala yangu niliitumia kufunika sufuria. Sijivunii.

Basi nikaanza. Ilikuwa lazima uwe na njia ya uzazi wa mpango ya muda mrefu, nikawekwa kijiti mkononi, nacho kikanipa damu ya matone matone kwa miezi 3. Wiki 5 za kwanza zilikuwa za vidonge pekee, bila sindano, ili waone kama mwili unavikubali. Kichefuchefu cha asubuhi kilinishika wiki mbili hivi, jirani akaanza kunitazama tumbo. Mwisho wa Julai nikadungwa sindano ya kwanza, kwenye tako, ya pili baada ya wiki 4, kisha kila wiki 8, na vidonge kila siku katikati.

Hapo ndipo mchezo wetu wa benchi ulipoanzia. Kwa kuwa hakuna aliyejua anapata nini, sisi tukajifanya waganga. Anayevimba ana dawa. Asiyevimba amepewa maji. Mwenzangu mmoja alikaa upande siku 3 na donge gumu kama embe bichi. Mimi yangu iliniuma kidogo jioni na kesho yake, basi, lakini nilikuwa nataka sana iume. Nikalikuza lile umivu. Nikamwambia kila mtu kwamba hata mimi nimevimba. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2022 zinasema waliopata maumivu au uvimbe mahali pa sindano walikuwa asilimia 38 upande wa dawa, na kama 11 upande wa mafuta. Maana yake hata mafuta humuumiza mtu mmoja kati ya 9, na wengi waliokuwa na dawa ya kweli hawakusikia kitu. Tulikuwa tunapiga ramli.

Kufikia Oktoba nilikuwa nimeshajihukumia mwenyewe: mimi ni wa sindano. Na kama mimi ni wa sindano, hivi vidonge vya nini? Sikuamka siku moja nikaamua kuacha. Nilisahau Jumapili. Jumatatu sikusikia tofauti. Kisha nikawa nameza wiki ya kliniki tu, ili mdomo wangu usiseme uongo mzima. Halafu usiku mmoja nikajikuta nimesimama mlangoni mwa choo na chupa mkononi, nahesabu. Nilimkumbuka dada. Nilimwaga hata hivyo.

Mwezi wa Desemba baba mtoto aliipata chupa. Nilikuwa nimeweka pamba ndani isilie nikitembea, nikaificha katika kopo la unga wa uji, na yeye ndiye mtu ambaye katika miaka 5 hakuwahi kujipikia uji isipokuwa siku hiyo. Alikijua kidonge. Mjomba wake anatumia dawa za virusi, na nyingine zinafanana na hizi. "Umekuwa mgonjwa tangu lini, na umeniua tangu lini?" Nilieleza utafiti, nikatoa kadi, nikamwambia twende kliniki kesho wakueleze wenyewe. Hakuamini. Ikawa kelele, majirani wakasimama nje, na kufikia asubuhi ploti nzima ilijua kwamba mimi nina virusi na pia ninauza damu kwa waabudu shetani. Vyote viwili kwa pamoja. Aliondoka na godoro.

Kosa langu lilikuwa la mpangilio. Kliniki walikuwa wameniuliza siku ya kwanza kama nyumbani wanajua, nikasema ndiyo. Kama mwanamume wako ni wa kuambiwa, mwambie kabla chupa haijaingia nyumbani, na ikiwezekana aambiwe na sista mbele yako. Kama si wa kuambiwa, na wapo, sema hivyo kliniki. Wenzangu wengine walikuwa wanaacha chupa kwa shangazi, au dukani, au wanahamishia vidonge katika kijaluba kisicho na maandishi. Kuna walioelekezwa pa kwenda pale hatari ilipokuwa ya kupigwa. Mimi nilitaka nionekane mshiriki asiye na matatizo, nikajitia hamnazo.

Unaweza kudhani baada ya hayo ningetoka. Ridhaa ilisema wazi kwamba unaweza kutoka siku yoyote bila kueleza sababu na bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Sikutoka. Ukinibana niseme kwa nini, nitakuambia kwamba aliyenisikiliza wiki ile alikuwa mshauri nasaha wa kliniki. Alifunga mlango, akaniletea chai, hakuniuliza chochote kwa dakika 10. Mama yangu alikuwa amesema nimrudie mwanamume. Mchungaji alisema niombe. Yule alisema, "Sasa wewe mwenyewe unataka nini?" Sikuwa na jibu, lakini swali lenyewe nililibeba nyumbani.

Na hata yeye nilimdanganya kuhusu vidonge. Nilimpenda, ndiyo maana. Mtu mkali ningemwambia ukweli ili kumkomoa. Huyu nilimwona akifurahi kila chupa yangu ikirudi na hesabu safi, nikashindwa kumvunja moyo. Nadhani watafiti wengi hawalijui hili: ukarimu wao hutubakiza kliniki na papo hapo hutufunga mdomo. Mshiriki mzuri ni yule anayekuja tarehe yake, anayetabasamu, ambaye chupa yake iko sawa. Nilikuwa mzuri kupita kiasi. Sikukosa tarehe hata moja.

Kisha korona ikaja. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi 2020. Tuktuk zikapunguza abiria na kupandisha nauli. Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mitumba, na mimi biashara yangu ni mitumba. Nilikaa na magunia mawili ya nguo za msimu wa baridi katika joto la Kisumu. Kipindi hicho, niseme tu wazi, nauli ya kliniki ilikuwa unga. Kuna waliojaribu kujiandikisha katika utafiti wa pili upande mwingine wa mji ili wapate nauli mbili. Msifanye hivyo. Si suala la sheria tu: ukiwa na dawa mbili za majaribio mwilini, ukianguka hakuna daktari atakayejua amtibu nini. Nilishawishika, namshukuru Mungu nilikuwa mwoga.

Mei baba mtoto akarudi. Hakuomba msamaha, alirudi na gunia la mchele na kodi ya miezi 2, nami maji yalikuwa yamenifika shingoni. Kondomu alikataa. Sikumuuliza alilala wapi kuanzia Desemba. Nilijituliza kwa wazo moja kila usiku: sindano inanilinda. Vidonge vilikuwa kabatini, vimejaa, chupa 2.

Sasa mnaelewa miguu yangu ilivyokuwa siku ile sista alipofungua karatasi. Alianza na habari ya wote: wanawake 4 tu waliambukizwa upande wa sindano, na zaidi ya 30 upande wa kidonge. Kisha akasoma yangu. "Wewe ulikuwa upande wa vidonge. Sindano zako zilikuwa mafuta meupe, yale ambayo wagonjwa wasioweza kula hulishwa kwa mshipa. Hayana dawa." Nilicheka. Kicheko chenyewe kikageuka kitu kingine katikati, akanishika bega. Kichwani nilikuwa nahesabu: Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Miezi 6 na mwanamume wa barabarani, bila kondomu, bila dawa, na mafuta kwenye tako.

Alinipima. Hizo dakika za kungoja mistari itokee sitazieleza. Ulitokea mstari mmoja. Akachukua na damu ya maabara, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kukosa maambukizi mapya, na wiki iliyofuata ikarudi safi. Waliokuwa wameambukizwa walikuwa wa kundi langu karibu wote, na mimi sikuwa mwerevu kuliko wao. Bahati ilinipitia, basi.

Siku hiyo ndipo nilipomwambia mshauri kila kitu: choo, hesabu, kopo la uji, chupa mbili kabatini. Nilingoja afadhaike. Aliandika, akauliza ni mwezi gani nilianza kuacha, akauliza nini kilinishinda. Hakunifukuza mtu. Hakunidai nauli mtu. Woga niliorithi kwa dada, kwamba ukisema ukweli utaondolewa, sikuwahi kuujaribu hata mara moja mpaka ulipokuwa hauna kazi tena. Baadaye, walipopima sehemu ya damu ya kundi la vidonge, ilionekana ni kama 4 kati ya 10 tu zilizofanana na za mtu anayemeza kila siku. Sikuwa peke yangu. Hilo lilinifariji kwa siku moja, kisha likanisumbua, maana najua baadhi ya hao wengine walikuwa wamekaa nami benchi moja tukipimana uvimbe.

Nilimpigia dada simu usiku. Nilitegemea anicheke kama nilivyomcheka. Alinyamaza sana, kisha akasema, "Sasa mimi nilivyomwaga chooni, je, vilikuwa dawa au chokaa?" Hakuwahi kurudi kuuliza.

Kuhusu baba mtoto, hatuko pamoja. Alikubali kupimwa mwaka 2021, kwa hiari yake, akiwa na mwanamke mwingine. Mimi na yeye tunasalimiana kwa ajili ya mtoto.

Awamu iliyofuata tuliruhusiwa kuchagua, nikachagua sindano ya kweli. Iliniuma. Nilikaa upande siku 2, na safari hii sikuhitaji kuongeza chumvi. Wanaofikiria sindano wajue kwamba dawa yake hukaa mwilini miezi mingi ikipungua polepole, na hicho kipindi cha mwisho ni cha hatari: imebaki kidogo isiyotosha kukinga. Ndiyo maana ukitaka kuacha hutoweki tu. Unawaambia, wanakupa vidonge vya kuvukia. Rafiki yangu mmoja alihamia Nairobi bila kuaga, na kliniki walimtafuta kwa wiki kadhaa. Sisi tuliona wanamsumbua.

Siku hizi habari ni za lenakapaviri, sindano ya mara 2 kwa mwaka. Mwaka 2024 matokeo ya wasichana wa Uganda na Afrika Kusini yalitoka, na katika 2,134 waliodungwa hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Nilisoma nikiwa kibandani na nikafikiria wale wa makundi mengine mawili, ya vidonge, waliokaa benchi moja na hao 2,134 wakidungwa sindano isiyo na dawa. Lazima walikuwepo waliojihukumia kama mimi.

Mwezi uliopita binti wa jirani, ana miaka 19, aliniomba nimsindikize kwenye kikao cha maelezo cha utafiti mpya. Nilikubali kwa sharti kwamba ndani sitasema neno. Njiani alinibana kwenye tuktuk.

"Dada, nikipewa ile isiyo na dawa, nitajuaje?"

"Hutajua."

"Hata kwa maumivu?"

"Hata kwa maumivu."

Alinyamaza hadi tukapita Kondele. Kisha akafungua mkoba, akatazama ndani, akaufunga tena. "Basi kuna mtu nyumbani lazima nimwambie leo," akasema, na akamwomba dereva amshushe hapo hapo, tukiwa bado hatujafika.